Nyumba ya Mimea: Kwa Nini Boriti Zilidumu na Bati la Katani Likapasuka

Mwaka 1986, katika mji mdogo wa Nogent-sur-Seine nchini Ufaransa, mjenzi Charles Rasetti alikuwa akikarabati nyumba ya kale iitwayo Maison de la Turque. Ni nyumba ya fremu ya mbao, ya aina ambayo nafasi kati ya nguzo na nguzo ilizibwa kwa udongo na majani makavu. Katika karne ya 20 nyumba nyingi za namna hiyo zilikuwa zimepigwa lipu ya saruji, na matokeo yake yalikuwa mabaya. Unyevu ulioingia ukutani haukupata pa kutokea, na mbao zilizosimama karne kadhaa zikaanza kuoza ndani kwa ndani. Kilichotafutwa kilikuwa kitu chepesi cha kuzibia ukuta, kitakachopitisha unyevu badala ya kuufungia. Rasetti akachanganya chokaa na makapi ya shina la hempu, mmea wa jamii ya bangi usiolevya. Zege la hempu la leo limetokana na jaribio hilo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mjadala wa sasa umekisahau. Leo hempu hutangazwa kama dawa ya mabadiliko ya tabianchi, na kwenye mitandao utasoma kwamba ukuta wake hauungui, hauozi, hauliwi na wadudu na tena unasafisha hewa. Upande wa pili utasoma kwamba nyumba ya majani ni nyumba ya majani, mchwa wataimaliza. Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuliangalia jambo hili kwa jicho letu. Tumejenga kwa mimea kwa karne nyingi, tumeiona ikidumu na tumeiona ikianguka. Tena katika miaka ya 1970 na 1980 nchi zetu zilikuwa uwanja wa jaribio la kuchanganya mmea na saruji, jaribio lililoishia vibaya kwa sababu zinazoeleweka vizuri. Ukizielewa sababu hizo, utajua la kuuliza kuhusu hempu, mianzi, pumba za mpunga au kitu kingine chochote kitakacholetwa kesho.

Kwanza ukuta wenyewe. Hempu ni aina ya bangi iliyoteuliwa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya nyuzi na mbegu, isiyo na nguvu ya kulevya. Marekani na katika nchi nyingi za Ulaya kiwango cha THC, kemikali inayolevya, hakiruhusiwi kuzidi asilimia 0.3. Hukua kwa miezi minne hivi na kufikia mita mbili hadi nne. Shina lina sehemu mbili. Nje kuna ganda la nyuzi ndefu, zinazokwenda kwenye karatasi, kamba na nguo. Ndani kuna kiini chepesi kinachofanana na mti, ambacho wafugaji wa Ulaya hukitandaza kwenye mazizi ya farasi. Ukuta hujengwa kwa hicho kiini, si kwa nyuzi. Hukatwakatwa vipande vidogo, huchanganywa na chokaa na maji, kisha hujazwa ndani ya mbao za kufungia zege kuzunguka fremu na kushindiliwa kwa mkono, polepole, bila kukandamizwa sana.

Vipande hivyo vina matundu mengi kama dodoki, na kila kitu kizuri na kibaya cha ukuta huu hutoka kwenye matundu hayo. Mita moja ya ujazo ya zege la hempu ina uzito wa kilo 300 hadi 400 tu, wakati zege la kawaida hufikia kilo 2,400. Hewa iliyonaswa ndani huzuia joto lisipite: ukuta wa hempu hupitisha joto mara kumi au zaidi chini ya ukuta wa zege wenye unene uleule. Unyevu wa chumbani ukiongezeka, ukuta huufyonza. Hewa ikikauka, huurudisha. Hata moto una kazi ngumu, maana kila kipande kimevikwa chokaa na ndani hakuna nafasi ya hewa kupita kwa kasi. Hayo yote ni kweli, na yamepimwa.

Sasa upande wa pili wa matundu hayohayo. Nguvu ya zege la hempu kubeba mzigo haifiki megapaskali 1 (kipimo cha mgandamizo), ilhali zege la nguzo au slabu ya nyumba ya kawaida hulengwa megapaskali 20 hadi 25. Kwa hiyo hempu haibebi nyumba. Inayobeba ni mbao au chuma, hempu hujaza nafasi. Anayedhani ataepuka gharama ya mbao kwa kujenga kwa hempu atashtuka: atanunua mbao za fremu na bado atanunua hempu. Tena ukuta huo humwagwa ukiwa na maji mengi, na kukauka kwake huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, kutegemea unene na hali ya hewa. Fundi mwenye haraka akiupiga lipu kabla haujakauka, anaufungia unyevu ndani na ukungu unaanza. Ndiyo maana Wafaransa wengi wamehamia kwenye matofali ya hempu yaliyokwisha kaushwa kiwandani. Ukumbi wa michezo wa Pierre Chevet huko Croissy-Beaubourg, si mbali na Paris, ulijengwa hivyo mwaka 2021, kuta za matofali ya hempu na paa la mbao.

Kuhusu hewa ukaa, naomba msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo, kwa sababu hapa ndipo matangazo yanapotia chumvi zaidi. Mmea mkavu una kaboni karibu asilimia 45 ya uzito wake, na kila kilo moja ya mmea mkavu imevuta hewani takriban kilo 1.65 za hewa ukaa. Mita moja ya ujazo ya ukuta hutumia kama kilo 110 za makapi ya hempu. Maana yake ni kwamba ukuta umeshika kilo 180 hivi za hewa ukaa. Vizuri. Lakini mita hiyohiyo hutumia kama kilo 220 za chokaa, mara mbili ya uzito wa mmea. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 900, na jiwe linapogeuka hutoa hewa ukaa lenyewe, mbali na ile ya kuni au makaa. Kwa kilo 220 za chokaa safi, jiwe peke yake hutoa kilo 130. Ukiongeza na moto wa tanuri, sehemu kubwa ya faida imeliwa.

Kinachookoa hesabu ni kwamba chokaa inapokauka ukutani hunyonya tena hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, polepole, kwa miaka. Kwa hiyo mwisho wa yote ukuta wa hempu huwa na faida, ila ni faida ndogo kuliko inavyotangazwa, na hudumu kadiri nyumba inavyodumu. Nyumba ikioza baada ya miaka kumi, kaboni imerudi hewani na chokaa imechomwa bure. Faida kubwa zaidi hupatikana unapojiuliza ukuta huo umechukua nafasi ya nini. Saruji huchomwa kwa nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vya saruji duniani hutoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Kila mfuko usiotumiwa mahali ambapo haukuhitajika ni faida isiyobishaniwa.

Tuje nyumbani. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Hadithi yake hujulikana, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na humo likatoka zao lililoifanya Tanga kuwa Tanga. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za katani. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na watu wakaanza kutafuta kazi nyingine ya nyuzi hizo. Wazo lililoonekana la busara sana lilikuwa hili: mabati ni ghali na huagizwa kutoka nje, asbesto inaua, basi kwa nini tusitengeneze vipande vya kuezekea vya saruji na mchanga, vikishikwa na katani? Nyuzi zetu, mchanga wetu, mafundi wetu. Taasisi za utafiti na mashirika ya misaada yalilipokea kwa mikono miwili, na karatasi za saruji na katani zikaezekwa Tanzania, Kenya na kwingineko.

Zilionekana nzuri zilipotoka kwenye kalibu. Ukipiga kipande kipya kwa nyundo, kilipasuka lakini hakikumwagika, nyuzi zilikishika. Baada ya miaka michache mambo yakabadilika. Karatasi zikawa kavu na za kuvunjika kama sahani, nyufa zikatokea zenyewe, paa zikavuja. Fundi aliyevunja kipande kuangalia ndani aliona nyuzi zipo palepale, ila hazina nguvu tena, ukizivuta zinakatika.

Mtafiti wa Uswidi Hans-Erik Gram alieleza mwaka 1983 kilichotokea. Unyuzi mmoja wa katani ni mkusanyiko wa seli nyingi ndogo zilizogandishwa pamoja na lignini na hemiselulosi. Maji yaliyomo kwenye vitundu vya saruji ni ya alkali kali mno, na alkali hiyo huyeyusha gundi ya seli. Unyuzi hauozi kwa maana ya kawaida, hakuna ukungu wala mdudu. Unafunguka tu, seli moja moja, hadi hakuna kinachoshika kingine. Joto na mvua zinazopishana, yaani hali ya hewa yetu hasa, huharakisha kazi hiyo kwa sababu maji huingia na kutoka yakibeba gundi iliyoyeyuka. Wajenzi wakahamia kwenye vigae vidogo, ambavyo havikuhitaji nyuzi baada ya kukauka, na hatimaye katani ikaachwa kabisa kwenye vigae hivyo.

Naliona kosa lile kuwa kubwa kuliko paa lililovuja. Watu waliotaka kuamini vitu vya nyumbani waliambiwa na paa zao kwamba vitu vya nyumbani havifai. Bado nasikia mafundi wakisema katani haiwezi ujenzi, wakati katani hiyohiyo iko juu ya vichwa vyao sebuleni. Mikanda na maua ya jasi kwenye dari za Dar es Salaam, zile zinazotengenezwa na vijana kwenye vibanda vya barabarani, ndani yake mna katani iliyotawanywa kwa mkono. Wanunuzi wa Saudi Arabia huchukua katani ya Afrika Mashariki kwa kazi hiyohiyo ya jasi. Humo nyuzi hudumu bila shida. Tofauti ni moja: jasi haina alkali kali kama saruji, na dari haipigwi na mvua. Mmea ni uleule, kilichobadilika ni kinachoushika na maji yanayoufikia.

Chokaa je? Nayo ni alkali kali ikiwa mbichi. Ila chokaa inaponyonya hewa ukaa na kugeuka jiwe, ukali wake hushuka sana, na hapo hempu hupata salama ambayo katani haikuipata ndani ya saruji. Pia makapi ya hempu hayatakiwi kuvuta mzigo wowote. Hata yakidhoofika kidogo ukuta hauanguki, wakati katani ya paa ndiyo iliyokuwa ikizuia karatasi nzima isikatike. Huko Ellora, nchini India, watafiti waliochunguza lipu ya mahekalu yaliyochongwa mwambani walikuta hempu ndani ya mchanganyiko wa udongo na chokaa, na lipu hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 1,000.

Hatuhitaji kwenda India kutafuta mfano. Mji Mkongwe wa Zanzibar na mji wa Lamu imesimama juu ya mikoko. Mawe ya matumbawe, udongo na chokaa ndivyo vilivyofanya kuta. Sakafu na paa za bapa zikalazwa juu ya boriti, na juu ya boriti yakapangwa mawe na chokaa iliyopigwa kwa siku nyingi. Wakataji wa Lamu na Rufiji walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mkandaa na mkoko zilipendwa kwa sababu zina tanini nyingi, na wadudu huzikwepa. Urefu wa boriti ndio uliopima nyumba. Chumba cha nyumba ya mawe ya Kiswahili kina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, kirefu na chembamba, kwa kuwa boriti haikuweza kuruka zaidi ya hapo. Majahazi yalizipeleka boriti hizi Uarabuni na Ghuba nzima, na huko nako zikaamua upana wa vyumba.

Boriti hizo zimedumu vizazi na vizazi zikiwa kavu. Zinapooza, hazianzi katikati ambapo kila mtu anaona. Huanza nchani, pale zinapozama ukutani, na chanzo ni mfereji wa paa ulioziba, bomba la choo lililopitishwa baadaye, au ufa ambao hakuna aliyeuziba msimu wa kaskazi kabla ya masika. Kisha anakuja fundi na kuziba kwa lipu ya saruji. Hapo kisa cha Ufaransa kinajirudia neno kwa neno: ukuta uliokuwa ukikauka kwa kupumua umefungwa, chumvi na unyevu vimebaki ndani, ncha za boriti zinakaa majimaji mwaka mzima. Wahifadhi wa Mji Mkongwe wamekuwa wakihimiza chokaa kwa miaka mingi, na wanapigana na bei, kwa sababu mfuko wa saruji uko kila duka na fundi wa chokaa ni wa kutafutwa.

Lakini boriti zina doa jingine ambalo mashabiki wa vifaa vya asili hawapendi kulitaja. Kitu kutoka kwenye mmea hakumaanishi kwamba kilivunwa kwa haki. Mikoko huchukua miaka mingi kufikia unene wa boriti, na inapokatwa, samaki hukosa mazalia na ufuko hukosa kinga ya mawimbi. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje mwaka 1982. Mwaka 2018 ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya serikali, na wakataji wa Lamu, ambao hawana shamba wala ng'ombe, wakabaki bila riziki hadi walipofikiriwa upya. Hapa hempu inashinda waziwazi: hekta moja hutoa makapi ya kutosha nyumba ndogo kwa msimu mmoja, na mwaka ujao inatoa tena.

Mianzi ndiyo iliyo kati ya hizo mbili. Mwanzi hukomaa kwa miaka mitatu hadi mitano, na kuukata hakuuwi mama yake. Nguvu yake ya kuvutwa ni kubwa sana kwa uzito wake. Tetemeko la Limón nchini Costa Rica mwaka 1991 lilipita kwenye nyumba za mianzi zilizopigwa lipu, zikabaki zimesimama. Tangu mwaka 2021 kuna kiwango kipya cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, namba 22156, cha kukokotoa majengo ya mianzi, kwa hiyo mhandisi hana tena kisingizio cha kusema hakuna vipimo. Adui wa mwanzi ni wanga ulio ndani yake. Wadudu watoboao mbao huupenda, na mwanzi usiotibiwa unaweza kuwa unga baada ya miaka michache. Dawa inayofahamika ni kuuloweka kwenye maji yenye boraksi na asidi ya boriki. Ni chumvi zisizo na sumu kali kwa watu, lakini mvua huzisafisha zikatoka, hivyo mwanzi uliotibiwa nao unataka paa lililochomoza vizuri na msingi wa mawe wa kuuinua kutoka ardhini.

Iringa na Njombe mianzi ipo tele, ila tukumbuke kwamba huko mwanzi una kazi nyingine. Chipukizi linalokatwa ncha na kugemwa ulanzi haliwi nguzo tena. Mwenye shamba ana pesa ya ulanzi msimu huu, na anayemwambia asubiri nguzo miaka minne anapaswa kuja na bei inayoeleweka.

Makuti sitakaa nayo sana. Hakuna paa linalotuliza joto la pwani kama makuti yaliyoshonwa mazito na kuezekwa kwa mteremko mkali, na hakuna paa linaloshika moto haraka kama hilo. Baada ya miaka michache hubadilishwa. Palipo na nafasi kati ya nyumba na nyumba, na mnazi uko jirani, ni paa la maana. Nyumba zikibanana, cheche moja hupitia mtaa mzima.

Sasa swali ambalo karibu kila makala ya hempu hulikwepa: ukuta wake unafaa kwa joto la nani? Ulaya unafaa kwa sababu watu hulipa pesa nyingi kupasha nyumba moto, na kila kinachozuia joto lisitoke hurudisha gharama. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, joto la usiku halitofautiani sana na la mchana, na hewa imejaa unyevu. Nyumba isiyo na kiyoyozi haipozwi kwa ukuta mnene. Hupozwa kwa kivuli, kwa madirisha yanayotazamana na upepo, na kwa kuzuia joto la paa, maana jua la saa sita linashuka juu ya bati moja kwa moja. Mtu wa Mbagala mwenye milioni chache za ziada angeziweka darini kabla ya kufikiria kuta. Ukuta wa hempu, au wa kitu kinachofanana nao, ungekuwa na maana Njombe, Mbeya, Limuru, mahali ambapo usiku wa Juni na Julai watu hulala na makoti. Au Ghuba, ambako viyoyozi haviwezi kuzimwa na kila nyuzi ya joto inayozuiwa ni pesa.

Mchwa nao lazima waulizwe. Ukuta wa hempu wenyewe hauwavutii sana kwa ajili ya chokaa, lakini nimesema hempu haibebi, mbao ndizo zinazobeba. Mbao za fremu zilizozikwa ndani ya ukuta hazionekani, na mchwa hupita kwenye ufa wa unene wa kadi. Ulaya ya kaskazini hawalifikirii jambo hili. Hapa kwetu, fremu isiyotibiwa na msingi usio na kizuizi cha mchwa ni pesa iliyotupwa, hata ukuta uwe mzuri namna gani.

Kisha sheria. Marekani iliruhusu kilimo cha hempu ya viwandani kwa sheria ya kilimo ya mwaka 2018, na kanuni za mfano za nyumba za makazi za nchi hiyo, toleo la 2024, zina kiambatisho kizima cha zege la hempu. Jamii ya Wahindi Wekundu wa Lower Sioux, jimboni Minnesota, inalima hempu yake na kuwajengea watu wake nyumba kwa hiyo. Malawi ilipitisha sheria ya kuruhusu hempu mwaka 2020. Tanzania na Kenya, mkulima akikutwa na shamba la mmea huo anakabiliwa na sheria ya dawa za kulevya, na polisi shambani hana kifaa cha kupima THC. Naamini sheria hiyo itafika siku ikabadilika. Lakini hata ikibadilika leo, tungehitaji mashine za kutenganisha nyuzi na kiini karibu na mashamba, kwa sababu makapi ni mepesi na hujaza lori kabla hayajafika uzito wa maana. Kuyasafirisha mamia ya kilomita ni kulipia usafiri wa hewa.

Mashine za namna hiyo tunazo tayari, kwa mmea mwingine. Kila shamba kubwa la mkonge lina korona yake. Inakamua jani, inatoa asilimia 4 tu ya uzito wake kuwa nyuzi, na kinachobaki karibu chote ni maji na majimaji ya kijani yanayotupwa. Mabonde ya Kilombero na Mwea yana milima ya pumba za mpunga. Pumba zikichomwa kwa moto uliodhibitiwa, majivu yake huwa na silika nyingi, ambayo ikikutana na chokaa hugeuka kitu kigumu, na ikichanganywa kwenye saruji hupunguza kiasi cha saruji na pia ule ukali wa alkali uliozimaliza nyuzi za katani. Gram mwenyewe alionyesha kwamba kupunguza alkali kwa silika huwapa nyuzi maisha marefu. Mashamba ya miwa yana bagasi, yaani makapi ya miwa iliyokamuliwa. Chuo Kikuu cha East London kilionyesha mwaka 2023 matofali ya bagasi na kishikizi cha madini waliyoyaita Sugarcrete, nayo hufanana na hempu kwa wepesi na kwa udhaifu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza leo aanze na nini, simwelekezi kwenye hempu. Namwambia aanze na dari. Jasi na katani, chini ya bati, na nafasi ya hewa kati ya hivyo viwili iliyoachwa wazi pande zote mbili ili upepo upite. Fundi wa kuifanya yuko mtaani, nyuzi ziko Tanga na Kilifi, kifaa hakiguswi na mvua wala na mchwa wa ardhini, na kikiharibika kipande kimoja hubadilishwa chenyewe. Anayejenga nyanda za juu na ana mianzi jirani, aende mbele zaidi: kuta za mianzi iliyolowekwa dawa, lipu ya udongo na chokaa, msingi wa mawe unaopanda angalau futi moja na nusu, paa linalotoka nje ya ukuta kwa urefu wa mkono. Na anayemiliki nyumba ya mawe Zanzibar au Lamu, kabla ya kununua mfuko mwingine wa saruji, apande darini kabla ya masika, atazame mfereji wa paa na ncha za boriti pale zinapoingia ukutani.